Mafua yakishuka kifuani, damu inasema nini

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nimeona baiskeli zilivyopangana hapo nje nikasema kweli hii ndo Tanga, asanteni kuja na jua lote hili.

Mi mtu wa maabara, sio daktari, kwahiyo ntaongelea kichupa tu. Mgonjwa wa korona au influenza iliyomkaba akiletwa, kwanza anabanwa kile kidude cha kidoleni kusoma oksijeni, damu inafuata, yenyewe inatuonyesha huyu anaelekea wapi.

Sasa watu wanapenda vipimo vya majina makubwa, didaima sijui feritini, mi nasema anzeni na ful blad pikcha, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, bei yake ndogo na humo kuna askari wa aina mbili wa kuwaangalia, chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti na nyutrofili. Limfosaiti za mtu mzima zinacheza 1,000 mpaka 4,000 hivi kwa maikrolita, ugonjwa ukikaza zinashuka chini ya hapo huku nyutrofili zinapanda. Gawanya: nyutrofili 6,000, limfosaiti 600, jibu 10, wakati mzima wa afya yuko kwenye 1 mpaka 3 hivi. Simu yako tu inatosha. Ila uliza kwanza kama keshapewa deksamethasoni, ile dawa ya kutuliza mwili unaowaka, maana nayo inapandisha nyutrofili, usije ukawatia ndugu zake presha bure.

CRP ni protini ya kwenye damu, inatoka kwenye ini, mwili ukiwaka nayo inapaa. Kule Uingereza utafiti wa RECOVERY, wa kujaribu dawa za korona, ulichukua CRP ya miligramu 75 kwa lita na kuendelea, pamoja na oksijeni kushuka, kupata wa kujaribiwa tosilizumabu, dawa ya kupoza kinga ya mwili iliyozidi kuwaka. Mimi lakini namba moja hainiridhishi, nataka ya leo na ya keshokutwa, ikitoka 120 ikaja 60 napumua.

Didaima ni makombo ya damu iliyoganda ikaanza kuyeyushwa. Kichupa chake cha bluu lazima kifike kwenye mstari, damu sehemu 9 kwa sehemu 1 ya dawa ya kuzuia isigande. Nishawahi kuletewa cha nusu nikakirudisha, nesi akaninunia wiki nzima! Na mjamzito yake inakua juu hata kama haumwi.

Eeh, kaka wa pale nyuma anauliza malaria je. Umenena, malaria nayo inapandisha CRP vibaya sana, kwahiyo kwa huku kwetu mtu wa homa atobolewe kidole cha malaria asubuhi hiyohiyo, kabla hamjaanza kubishana kuhusu mapafu.