Saltaire: kota zilizopangwa kwa cheo

Habari za jioni, ndugu zangu. Wengi wetu tunazijua kota: za reli, za bandari, za mashamba ya mkonge. Kwa hiyo nikisema tajiri alijenga kiwanda akakizungushia nyumba za wafanyakazi, hamtashangaa. Twendeni tuzione nyumba zenyewe.

Titus Salt alikuwa na viwanda vya sufu Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mji uliojaa moshi na maji machafu. Mwaka 1849, yeye akiwa meya, kipindupindu kiliua mamia ya watu. Akahamishia viwanda vyake kando ya mto Aire, pembeni ya reli na mfereji wa mashua; malighafi iingie, nguo zitoke. Kiwanda kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50. Kijiji akakiita Saltaire, jina lake likaunganishwa na la mto.

Wasanifu majengo wake, Lockwood na Mawson, walikipa kiwanda sura ya jumba la Kiitalia. Ndani ilisokotwa na kufumwa sufu ya alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia, kutoka Peru. Watu hupiga picha hapo, wakaondoka. Mimi nawaambia ingieni mitaani.

Nyumba ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, kila moja ilikuwa na maji, gesi na choo chake uani. Kwa zama zile, hiyo ilikuwa neema. Ila ukitaka kujua mwenye nyumba ana cheo gani, huna haja ya kubisha hodi. Mfumaji alipewa nyumba ndogo, mlango unafungukia barabarani. Nyapara alipewa vyumba zaidi na kibustani mbele. Mabwana wakubwa walikaa Albert Road, ukingoni mwa kijiji. Na mitaa mingi ina majina ya mke na watoto wa Salt: Caroline, George, Amelia, Fanny. Yaani hata ukielekeza mgeni kwako, unaitaja familia ya bosi!

Baa hakuruhusu. Nguo kuanikwa mitaani hakupenda pia, akajenga nyumba ya kufulia yenye mashine za mvuke. Akina mama hawakuipenda. Nani anataka mtaa mzima uhesabu viraka vya shuka zake? Jengo hilo halipo tena. Kiwanda kilifungwa 1986, sasa kuna maduka na picha za mchoraji David Hockney. Zile kota bado zinakaliwa na watu.