Dumu la Mama Mdogo kwenye Kivuko cha Kamanga

KULWA: Haya, tumerudi hewani, Kirumba palepale, Mwanza. Leo nimeandaa mambo matatu kuhusu maradhi ya wasiwasi: yanavyoanza, yanavyotibiwa, na namna ya kujikinga.

REHEMA: Utayafikia, kaka. Kwanza ya Jumanne. Nilikuwa navuka na mama mdogo kwenda Kamanga, yuleyule muuza samaki mnayemjua. Kivuko hakijafika hata katikati, akanikamata mkono. Jasho, moyo mbio, vidole ganzi, pumzi haishuki. "Rehema, nakufa. Mpigie baba yako."

KULWA: Moyo alishapimwa?

REHEMA: Mpaka kile kipimo cha umeme wa moyo. Sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vyote safi. Akaambiwa "huna ugonjwa, nenda nyumbani". Hilo ndilo linaloniuma. Mtu anatetemeka mbele za watu, halafu unamwambia hana kitu!

KULWA: Anao kabisa. Zamani madaktari waliuita niurosi, pamoja na mengine mengi. Mwaka 1980 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani ukaanza kuyatenganisha, kila moja na jina lake. Huu wa mama ni hofu kali ya ghafla. Adrenalini, ile homoni ya kushtuka, inamwagika, moyo unakimbia, anahema harakaharaka mpaka kaboni dioksaidi inapungua kwenye damu. Ndiyo maana ya ile ganzi na kizunguzungu. Mara nyingi inafika kilele ndani ya dakika 10, halafu inashuka yenyewe.

REHEMA: Ilishuka. Tunateremka Kamanga, yeye anaulizia bei ya mihogo. Ila muda wote huo alikuwa amekumbatia dumu.

KULWA: Dumu gani?

REHEMA: La mafuta ya kula, lita tano, tupu, kifuniko kimekazwa. Ili chombo kikizama aelee nalo. Wakata tiketi wanamjua: "Mama Dumu, pita."

KULWA: Dada, hilo dumu ndilo linaloulisha ugonjwa! Akivuka salama, ubongo wake unahesabu kwamba dumu limemwokoa. Haupati kujifunza kwamba hofu ingepita yenyewe. Tiba ya fikra na tabia ingeanzia hapo, polepole: siku moja wakae gatini watazame watu wakipanda, siku nyingine apande kikiwa bado kimefungwa, kisha avuke na wewe, mwishowe avuke peke yake mikono mitupu.

REHEMA: Mikono mitupu? Ziwa hili? MV Bukoba ilizama Mei 1996, makaburi yapo Igoma pale, kila mtu anayajua. MV Nyerere Septemba 2018, watu wanakaribia kushuka Ukara, wakafa zaidi ya 200. Usiniambie ubongo wake umekosea hesabu.

KULWA: Sijasema hivyo. Avae jaketi okozi, na akiona kimejaza asipande. Hiyo ni tahadhari. Lakini nikuulize, dumu linaishia kwenye kivuko?

REHEMA: …Analipanda nalo daladala.

KULWA: Ya wapi?

REHEMA: Ya Buhongwa.

KULWA: Buhongwa kuna maji gani, Rehema!

REHEMA: Mvua za Mwanza unazijua, kaka!

KULWA: Sasa nakuelewa. Na hii habari yake ya kuacha kivuko na kuzunguka kupitia daraja la Kigongo–Busisi tangu lifunguliwe mwaka juzi, mwaka jana…

REHEMA: Juni 2025. Na kupita darajani si ugonjwa, ni barabara ya serikali.

KULWA: Anapita kwa sababu njia yake ni hiyo, au anaongeza nauli na masaa kuukimbia woga? Kama ni woga, basi woga ndio unampangia safari. Kesho utamkataza soko, keshokutwa msiba wa jirani.

REHEMA: Na ukimpokonya dumu akabaki nyumbani? Mnada wa dagaa Mwaloni umpite, watoto wale nini?

KULWA: Hakuna wa kumpokonya. Ataliweka chini yeye mwenyewe, akiwa na mtaalamu.

REHEMA: Mimi nasema mtaalamu amtibu na dumu lake mapajani.

KULWA: Hapana.

REHEMA: Ndiyo.

KULWA: Fundi ananionyesha mkono, dakika mbili. Na kujikinga sijagusa! Kahawa, usingizi, vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva wa bodaboda…

REHEMA: Acha hayo, sema la vidonge. Mama mdogo kapewa diazepamu na jirani.

KULWA: Asimeze dawa ya jirani. Diazepamu inatuliza haraka, lakini mwili unaizoea mpaka unaidai. Dawa za kutibu wasiwasi wenyewe, kama fluoksetini, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na zinatolewa na daktari. Na kama yupo anayetumia diazepamu kila siku kwa muda mrefu, asiiache ghafla, anaweza kupata degedege. Aende apunguziwe kidogokidogo.

REHEMA: Na anayebanwa kifua kwa mara ya kwanza asijipe jibu kwamba ni wasiwasi. Hospitali, siku hiyohiyo.

KULWA: Siku hiyohiyo. Fundi, zima.