Boti Ije Mwisho: Mhadhara kwa Vijana wa Lindi Kuhusu Viboti vya Mota

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni, habari za asubuhi.

Mezani hapa nimeweka vitu viwili. Cha kwanza ni karara la mnazi. Cha pili ni kiboti cha faiba chenye urefu wa sentimita 80, kina mota ya umeme, betri na rimoti yake. Karara hakuna aliyekulia pwani asiyelijua. Ulichomeka kijiti, ukatundika kipande cha mfuko kiwe tanga, ukaliachia majini kisha ukakimbia nalo ufukweni mpaka likapinduka. Hiki cha pili wengi wenu mnakiona leo kwa mara ya kwanza. Kuna kijana amenisimamisha mlangoni kabla sijaketi: "Mwalimu, hiki nakipata wapi, na ni shilingi ngapi?" Nimemwomba asubiri. Mwanangu, jibu langu ni kwamba usinunue bado. Njoo kwenye kilabu kwanza, boti ije mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza kinyume. Nilikuwa na boti kabla ya kuwa na wenzangu. Jioni moja nikashuka nayo peke yangu upande wa feri, maji yakiwa yanakupwa. Ilikimbia vizuri kwa dakika tatu hivi, halafu kimya. Maji yalikuwa yamepenya kwenye bomba la shafti inayozungusha propela, yakatambaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, mpaka kwenye kipokezi cha redio kinachopokea amri za rimoti. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kwa ajili ya chumvi yake, na kipokezi hakihitaji mengi ili kife. Nikabaki nimesimama na rimoti mkononi huku kiboti kikichukuliwa na mkondo kuelekea mdomo wa ghuba. Aliyekiokota ni mzee mvuvi aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Alikipindua, maji yakamwagika, akanitazama. "Mwanangu, ngama unaikagua saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Yeye hufua maji ngamani kila siku ya maisha yake. Mimi nilikuwa nimejifunza volti na ampea, nikasahau kwamba hiki ni chombo. Wahenga walisema enda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani, na mimi nilikuwa nikiusema msemo huo kama kila mtu bila kuuona. Siku ile niliuona.

Mchezo huu ulihitaji watu wawili tangu mwanzo wake. Kilabu cha viboti vya mvuke cha Victoria Park, mashariki mwa London, kilianzishwa mwaka 1904, na kinatajwa kuwa kikongwe kuliko vyote duniani. Enzi hizo vilabuni hakukuwa na rimoti. Unawasha moto, mvuke unapanda, unaupanga usukani kwa mkono, unaachia. Kiboti kikishaondoka huna tena amri juu yake, kwa hiyo lazima mwenzako awe ng'ambo ya pili akidake kabla hakijagonga ukingo. Mtu mmoja hawezi kuachia na kudaka.

Redio ilikwishapatikana, lakini haikuwa ya watu wa kawaida. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mjini New York, kwenye dimbwi lililotengenezwa ukumbini, kiboti kilichotii amri bila waya, na mwaka huohuo akapewa hataza yake huko Marekani. Ilipita miaka mingi kabla kitu kama hicho hakijafika mikononi mwa fundi wa mtaani. Waingereza waliunda chama chao cha viboti vya mota mwaka 1924, na chama cha dunia, NAVIGA, kikaundwa mwaka 1959. Siku hizi rimoti za gigahezi 2.4 zinawawezesha watu kadhaa kuendesha kwenye maji mamoja bila kuingiliana. Zamani kila mmoja alipaswa kuwa na masafa yake, na wawili wakigongana, boti ya mwenzako inafuata usukani wako.

Sasa mashindano. Wengi mkisikia neno hilo mnafikiria mbio tu. Mbio zipo, na za kasi kabisa ni zile ambazo kiboti hufungwa kwa waya kwenye nguzo katikati ya maji kikazunguka. Hupita kilomita 200 kwa saa. Hizo kwetu tuziweke kando. Ninazozitaka hapa Lindi ni aina mbili.

Ya kwanza ni mbio za kuzunguka maboya. Viboti vya umeme huingia majini pamoja kwa dakika 6, vile vya injini ya mafuta kwa dakika 30, na mshindi ni aliyekamilisha mizunguko mingi. Tazameni hesabu hiyo inavyomtendea mwenye pupa. Mwenye kiboti kikali kuliko vyote, kikizimika dakika ya nne, anapitwa na yule wa kawaida ambaye kiboti chake kilifika dakika ya sita. Nimeona vijana wenye mota kubwa wakilia ufukweni kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea. Kwa hiyo kazi kubwa ya mashindano hufanyika juu ya meza, usiku wa kuamkia siku ile: skrubu zinakazwa, bomba la shafti linajazwa grisi mpaka ichungulie upande wa pili, mfuniko unazibwa kwa utepe, na ndani ya omo panajazwa povu gumu la maboksi ya samaki ili kiboti kikijaa maji kisizame. Halafu mwenzako anakichukua kiboti chako na kukikagua upya. Macho yako yamekwishakizoea, hayaoni tena.

Hapo ndipo nataka kuwaita mafundi wetu wa mashua, na nafurahi kuwaona watatu wamekaa mstari wa mbele. Mzee mmoja aliniambia, akiwa ameketi tu, hajashika rimoti maishani mwake: "Boti yako imekalia mkia." Nikabisha. Nikaenda kupima. Kwa kiboti cha mbio cha umbo hili, uzito unapaswa kutulia kwenye theluthi hivi ya urefu kutoka tezi. Kwa hiki cha sentimita 80 ni kama sentimita 25. Changu kilikuwa kimerudi nyuma mno, ndiyo maana omo ilikuwa ikiinuka na kugonga maji kama kofi. Nilisogeza betri mbele, ikatulia. Wenzetu wa ng'ambo hununua vitabu ili kujua jambo ambalo mzee huyu analijua kwa kutazama. Sisi Lindi nusu ya mchezo huu tunayo tayari: tunajua umbo la chombo, tunajua maji. Nusu tuliyopungukiwa ni umeme, na umeme unafundishika.

Aina ya pili ya mashindano ndiyo ninayoipenda zaidi, nawaambia wazi. Unatengeneza mfano wa chombo halisi, waamuzi wanakipima ubora wa kazi yake, kisha unakiendesha kati ya maboya bila kuyagusa, unarudi kinyumenyume, na mwisho unakiegesha. Fikirini mtu akitengeneza kivuko chetu, MV Kitunda, na mlango wake wa magari, akakileta gatini polepole mpaka kikasimama bila kugonga. Hapa mwendo lazima ufanane na wa kweli, na fomula yake ilipatikana kwa Mwingereza William Froude, aliyejenga birika la kupimia mifano ya meli huko Torquay miaka ya 1870. Mfano ukiwa mdogo mara 25, mwendo wake hugawanywa kwa 5, yaani kipeuo cha pili cha 25, haugawanywi kwa 25. Kivuko cha fundo 10 kinakuwa kiboti cha fundo 2, karibu mita 1 kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Mwalimu wa hesabu akitaka sababu ya kufundisha kipeuo cha pili, aje ufukweni.

Niseme juu ya betri, na hapa naomba wazazi wanisikilize. Betri tunazotumia ni za lithiamu, nyepesi na zenye nguvu sana. Kila seli hujaa ikifika volti 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya volti 3. Hii hapa ina seli 3, na kwa wastani wa volti 3.7 kila seli, tunaihesabu volti 11.1. Mota hii huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti, kwa hiyo ikiwa haijabeba mzigo inazunguka mara 22,200 kwa dakika. Propela yenye kasi hiyo inakata kidole. Haishikwi, hata kiboti kikiwa mezani, betri ikiwa imeunganishwa. Betri ikijazwa kupita kiasi, au ikitobolewa, inaweza kuwaka moto mkali usiozimika kirahisi. Kwetu hakuna anayechaji peke yake chumbani usiku. Tunachaji pamoja, mchana, juu ya sakafu ya saruji, kwa chaja inayosawazisha seli, na ndoo ya mchanga iko pembeni. Iliyovimba haitumiki tena, hata mwenyewe akilia.

Rimoti nayo ina mpangilio mmoja usiosameheka: mawasiliano yakikatika, mota izime yenyewe. Tunaujaribu kila asubuhi kwa kuzima rimoti huku kiboti kimeshikwa juu. Kisipozima, hakiingii majini. Pale mbele wanapita watoto wakiogelea.

Dada mmoja ameinua mkono. Anauliza kama ni mchezo wa wenye pesa. Swali zuri, dada yangu. Ukianza peke yako, ndiyo, kwa sababu utanunua vibaya mara mbili kabla ya kununua vizuri. Ukianza na wenzako, mwezi wa kwanza unaendesha kiboti cha kilabu. Mwezi wa pili unajifunza kulehemu waya. Mwezi wa tatu unachonga bodi yako mwenyewe. Mwembe unaotengenezewa mitumbwi unatosha ukichongwa mwembamba, na kipande kinachotupwa na fundi hakina bei. Mota ya kujifunzia inatoka kwenye dirili iliyokufa. Unachokuja kununua kweli ni kipokezi na rimoti, betri na kidhibiti cha mota, na wakati huo unajua unanunua nini. Na kama ulichokuwa ukiuliza ni iwapo wasichana wanakaribishwa, kati ya watano tulionao sasa, anayelehemu vizuri kuliko sote ni binti wa kidato cha tatu.

Mzee amenong'ona hapa mbele, "Na chumvi je?" Chumvi ndiyo adui yetu wa kila wiki. Wa Ulaya wana maziwa na mabwawa ya maji baridi. Sisi tunaendesha baharini, kwa hiyo kila tukitoka majini kiboti kinaoshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ndani na nje, na mrija unaovuta maji ya kupoza mota nao tunausukumia maji baridi. Kisha shafti inachomolewa, inafutwa, inapakwa grisi mpya. Ukiahirisha mpaka kesho, asubuhi utaikuta imeshika kutu.

Leo hatuingii majini. Mwezi ni mwandamo, ni bamvua, maji makubwa, yanajaa saa kumi jioni na mkondo wake mnaujua. Kiboti cha kilo 2 hakishindani nao. Jumamosi ijayo mwezi utakuwa na siku nane, maji yatakuwa mafu, yatajaa kama saa nne asubuhi na yatatulia kwa muda mrefu kabla upepo haujaanza kusumbua. Tutakuwa ufukweni tangu saa mbili. Mzee mmoja wa mtumbwi amekubali kukaa majini muda wote kuokota vitakavyozimika, na akiwa anaokota kila mtu anapunguza mwendo. Msije na pesa wala boti. Atakayeweza aje na ndoo ya maji baridi na kitambaa kikavu.

Sasa sogeeni mezani, tukifungue hiki muone ngama yake.