Kutia marekani rangi kwa maganda ya vitunguu

Haya wapendwa, karibuni tena uani kwangu. Leo tunatia rangi marekani, kitambaa cha pamba, mita 2, kwa maganda ya vitunguu. Kitambaa ndicho hiki. Nimekipima kikiwa kikavu, gramu 400. Shika hiyo namba, maana vipimo vyote vinaifuata yenyewe.

Kuna mdogo wangu aliuliza mara ya mwisho, kwa nini kinaitwa marekani? Kwa sababu karne ya 19 kililetwa Unguja na meli za Wamarekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Jina likabaki mpaka leo. Na pamba tunayo wenyewe! Shinyanga, Simiyu, na kule Meatu wapo wakulima wanaoilima kwa kilimo hai, hawapigi dawa za viwandani. Ila nyingi inapanda meli haijasokotwa hata uzi mmoja, na hilo linaniuma. Muuzaji akikwambia kitambaa chake ni cha kilimo hai, mwombe cheti. Mimi naomba kila mara, na sioni haya.

Tuanze na kutoa wanga. Sufuria kubwa, maji mengi mpaka kitambaa kielee, magadi vijiko vikubwa viwili, na sabuni ya mche nimeikwangua kwa kisu, kama hivi, kiganja kimoja. Chemsha saa nzima. Tazama maji yalivyogeuka, utadhani chai ya rangi. Hiyo ni nta ya pamba na wanga wa kiwandani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Usiende hatua nyingine kabla hujapima kwa tone la maji. Suuza, kamua, kausha kidogo, kisha chovya kidole udondoshe tone moja juu ya kitambaa. Likikaa duara kama umande kwenye jani la mgomba, bado. Likizama papo hapo, tayari. Mwaka jana nilikuwa na oda ya magauni 12 ya watoto wa harusi, nikaona saa nzima inatosha, sikupima. Yalitoka madoa madoa, nikarudisha hela yote. Kwa hiyo tone la maji, jamani. Tone la maji!

Hapa katikati limezama. Safi.

Hatua ya pili ni chai. Majani makavu gramu 40, yachemshe, yachuje vizuri. Pamba peke yake haiishiki shabu, yale mawe ya kushikisha rangi, sawasawa, inataka ukakasi, ule ule unaokausha ulimi ukinywa chai kali. Ukipata maganda ya komamanga ni mazuri zaidi. Magome ya mikoko mimi siyatumii, ingawa bibi zetu waliyatumia. Mikoko ibaki baharini ilinde pwani. Haya, natumbukiza kitambaa...

Ngoja. Ngoja, mwanangu, sogeza kamera hapa pindoni. Mnaona? Kote kimelowa chai, hii pembe bado nyeupe, na maji yanateleza juu yake. Wanga umebaki kwenye upindo. Nimepima katikati tu, sikupima pembeni. Basi pima pembe zote nne na katikati, matone matano. Nakitoa, nakirudisha kwenye magadi mapya, nusu saa nyingine. Siwezi kufunika pembe hii kwa rangi, itajionyesha tu mbele ya mteja.

Tumerudi. Pembe ile, tone hili... limezama. Nimepima na zile nyingine tatu. Sasa chai, na kitambaa kilale humo usiku kucha.

Asubuhi hii. Kamua, usisuuze. Shabu gramu 60, haya mawe meupe kama barafu, vinyozi wanayafahamu. Zipo kwa wauza dawa za asili, na mimi nauza zilizokwisha kupimwa. Ponda, yeyusha kwenye maji ya moto, ongeza maji ya uvuguvugu, tia kitambaa, saa mbili, ukikigeuzageuza. Kisha suuza mara moja tu.

Maganda ni gramu 400, sawa na uzito wa kitambaa. Yakiwa makavu ni karibu nusu gunia! Usinunue. Nenda kwa wauza vitunguu sokoni, watakushukuru ukiwafagilia. Haya yangu ni ya vitunguu vyekundu vya Mang'ola. Chemsha saa nzima, chuja, acha ipoe mpaka uweze kutia mkono. Tia kitambaa, washa moto mdogo, maji yatoe moshi yasitokote. Saa nzima, na geuza muda wote, maana palipokunjana hapapati rangi. Sufuria iwe ya aluminiamu au isiyoshika kutu, na usiipikie chakula tena. Kutu inaua rangi hii ya dhahabu, inaleta kijani cha zeituni. Ukikitaka hicho kijani, basi tia makusudi maji uliyolowekea misumari ya kutu, kikombe kimoja.

Nilipokuwa natengeneza batiki kwa kostiki na haidrosi, zile kemikali za rangi za viwandani, nilikuwa nashinda na glavu na kifua kinabana. Sasa uani kunanuka vitunguu, na majirani wanauliza kuna pilau?

Natoa. Angalieni hiyo rangi! Asali kabisa. Na ile pembe, mwanangu, ionyeshe. Huitambui iko wapi.

Suuza kwa maji baridi mpaka yawe meupe, anika kivulini. Rangi hii jua kali linaipunguza, nawaambia wateja wote kabla hawajalipa, na nguo ifuliwe kwa sabuni laini, isiguswe na magadi tena. Kukata na kushona mnajua, mimi naacha sentimita 2 za pindo ili gauni likue na mtoto, na vifungo natia vya kifuu cha nazi.

Maji ya sufuria bado yana rangi, yatatosha vitambaa vya kichwani viwi... Mvua hiyo! Mwanangu, zima kamera, tukaanue.