Marudiano ya Kombe la FA: walichofuta kilikuwa cha timu ndogo

Jamani karibuni, leo naongelea kitu kimoja tu kwenye Kombe la FA la Uingereza, marudiano. Hili kombe limeanza msimu wa 1871/72, ni la mtoano, ukifungwa umeaga, ila kwa miaka mingi mkitoka sare mlikuwa mnarudiana na safari hii aliyekuwa mgeni ndo anakuwa mwenyeji. Kuanzia 2024/25 hakuna tena, kuanzia raundi ya kwanza mpaka fainali, mnamalizana palepale, dakika za nyongeza halafu matuta.

Sababu ni ratiba, mechi za Ulaya zimeongezeka. Sawa, wachezaji wanachoka kweli, lakini angalieni mwenye ratiba iliyojaa ni nani na aliyenyang'anywa ni nani.

Exeter City, Januari 2005. Klabu ya daraja la tano, inamilikiwa na mashabiki wenyewe, madeni kibao, droo ikawapeleka Old Trafford kwa Manchester United na wakakaza 0-0 mbele ya watu zaidi ya 67,000! Marudiano kwao wakapigwa 2-0, Ronaldo na Rooney, wakatoka, lakini mapato ya getini yanagawanywa, TV nayo inalipa, na hela ya zile mechi mbili ndo ikawavusha kwenye madeni. Kwa sheria ya leo ile mechi ya pili haipo, na hela yake haipo.

Halafu Hereford 1972, timu ambayo haikuwa hata ndani ya madaraja manne ya ligi. Wametoka sare 2-2 kwa Newcastle ya daraja la kwanza, enzi hizo ndo lilikuwa la juu kabisa, wakarudiana Edgar Street, uwanja wa Hereford, tope tupu, Newcastle wakatangulia, zimebaki dakika chache Ronnie Radford akaachia shuti kutoka mbali huko, nyavuni, kisha Ricky George akamaliza kwenye nyongeza. Goli la Radford linarushwa mpaka leo, na ni goli la marudiano.

Najua kuna atakayesema matuta yanambeba mdogo. Kusonga mbele labda, ila kwake kucheza na kigogo kwenye uwanja wake mwenyewe ni kitu kingine kabisa, ndo maana klabu za madaraja ya chini zililalamika kwamba hazikushirikishwa kwenye uamuzi. Mimi ningesema hivi, wa Ligi Kuu kwa wa Ligi Kuu wamalizane siku hiyohiyo, ila mdogo akimbana mkubwa ugenini, huyo mkubwa apande basi amfuate kwake.