Simu Ikipotea: Jinsi ya Kuandaa na Kulinganisha Huduma za Kuitafuta

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Kabla sijataja huduma yoyote, naomba kila mmoja wetu ajiulize: lau simu uliyo nayo ingetoweka sasa hivi, ungeanza kuitafuta kwa kifaa gani, na ungeingiaje kwenye akaunti yako?

Naliuliza swali hili kwa sababu mimi nililijibu nikiwa nimeshachelewa. Miaka kadhaa iliyopita niliisahau simu yangu kwenye kiti cha gari la abiria. Huduma ya kuitafuta nilikuwa nimeiwasha tangu siku niliyoinunua, kwa hiyo sikuwa na hofu kubwa. Niliazima kompyuta, nikaandika anwani ya barua pepe na nywila, vyote sawasawa, kisha skrini ikanieleza kwamba tarakimu za uthibitisho zimetumwa kwenye simu yangu, yaani ile ile niliyokuwa naitafuta. Ilikuwa bado ina chaji, na huenda ilikuwa inaonekana vizuri kwenye ramani, lakini mwenyewe nilikuwa nimefungiwa nje. Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba huduma hizi zilinganishwe kwa jambo moja kabla ya mengine yote: mwenye simu anaweza kufanya nini wakati simu haimo mkononi mwake?

Tuanze na namna zinavyofanya kazi, maana hapa pana dhana potofu iliyoenea sana. Watu husema simu inafuatiliwa na setilaiti. Setilaiti hazijui simu yako iko wapi. Zenyewe hutuma mawimbi tu, nayo simu huyapokea na kukokotoa mahali ilipo, ikisaidiwa na mitandao ya Wi-Fi na minara ya simu iliyo karibu. Baada ya hapo lazima ipate njia ya kuitoa habari hiyo. Simu iliyozimiwa data, au iliyochomolewa laini, inaweza kujua ilipo barabara kabisa na isiwe na njia ya kumwambia mtu yeyote. Kwa hiyo uwezo wa huduma huonekana pale simu inapokosa intaneti, na hapo ndipo huduma hizi zinapotofautiana kweli.

Apple walianza mwaka 2009, wakati huo kwa malipo, na mwaka uliofuata wakaifanya huduma hiyo kuwa ya bure. Google walifuata mwaka 2013 kwa jina la Android Device Manager, wakalibadili kuwa Find My Device mwaka 2017, na tangu Mei 2025 huduma hiyo inaitwa Find Hub. Nayataja majina haya kwa kuwa maelekezo mengi yanayosambaa bado yana jina la zamani, na msomaji hukata tamaa akiamini kwamba simu yake haina programu hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2019, Apple walipoiwezesha iPhone isiyo na intaneti kutoa ishara fupi za Bluetooth. Kifaa cha Apple cha mtu mwingine kinachopita karibu huzinasa na kuzipeleka mtandaoni zikiwa zimefichwa kwa usimbaji, kiasi kwamba mpitaji hajui alichobeba, na Apple wenyewe hawawezi kusoma mahali palipotajwa. Samsung walianzisha mtandao wa aina hiyo kwa simu zao za Galaxy mwaka 2020. Google walianza kuusambaza wa kwao Aprili 2024, kwanza Marekani na Kanada.

Kuna tofauti moja hapa ambayo watumiaji wengi wa Android hawaijui. Mtandao wa Apple unaweza kukuonyesha simu hata kama imenaswa na kifaa kimoja tu kilichopita. Wa Google, kama ulivyopangwa tangu mwanzo, husubiri vifaa kadhaa viione simu hiyo ndipo mahali pake patolewe, jambo linalolinda faragha, lakini lenye maana kwamba simu iliyoanguka kwenye njia isiyopitwa na watu wengi inaweza isionekane kabisa. Mpangilio huo unabadilishwa: fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Google, tafuta Find Hub, kisha sehemu inayohusu vifaa visivyo mtandaoni, uchague mtandao utumike katika maeneo yote badala ya yenye watu wengi pekee. Kwa maoni yangu, hakuna badiliko dogo kuliko hili linaloleta faida kubwa kama hii kwa mwenye simu ya Android.

Vipi simu ikizimwa kabisa? Simu nyingi za iPhone, kuanzia iPhone 11, huendelea kutoa ishara hizo kwa muda baada ya kuzimwa, na Google wameiwezesha simu yao ya Pixel 8 na baadhi ya zilizofuata kufanya vivyo hivyo. Simu nyingine nyingi hukuachia mahali pa mwisho zilipoonekana, basi.

Sasa turudi kwenye mlango ulionifungia nje. Apple wanakuruhusu kufungua ukurasa wa kutafuta vifaa kwenye tovuti ya iCloud kwa nywila peke yake, bila tarakimu za uthibitisho, kwa kuwa wanatambua kwamba kifaa kinachozipokea huenda ndicho kilichopotea. Google wanaweza kukudai uthibitisho wa pili. Dawa yake ni tarakimu za akiba: akaunti hukupa seti kumi, kila seti ina tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae kwenye mkoba unaobebea simu. Aidha, kwa Android kuanzia toleo la 10 upo ukurasa wa android.com/lock unaofunga skrini kwa kuandika nambari ya simu tu, bila nywila yoyote, mradi uwe umeiwasha huduma hiyo mapema. Hauonyeshi ramani, lakini unakupa muda wa kupumua.

Zingatieni pia kwamba mwizi mzoefu haanzi na nywila. Huvuta menyu ya juu skrini ikiwa bado imefungwa, akabonyeza alama ya ndege, na mawasiliano ya data yakakatika papo hapo. Kwenye iPhone, zuieni menyu hiyo isifunguke kabla ya skrini kufunguliwa. Baadhi ya simu za Samsung zina mpangilio unaozuia mtandao kuzimwa skrini ikiwa imefungwa. Wezi wengine hukuchungulia unapoandika tarakimu za kufungulia skrini, ndipo wakwapue. Kwa ajili ya hao, tangu Januari 2024 iPhone ina kinga ambayo, ukiiwasha, humlazimisha anayetaka kubadili nywila ya akaunti akiwa mbali na maeneo uliyoyazoea athibitishwe kwa uso au alama ya kidole, asubiri saa nzima, kisha athibitishwe tena.

Kuhusu kufuta data ya simu ukiwa mbali nayo, nasisitiza kwamba hiyo iwe hatua ya mwisho. Simu ya Android ikishafutwa haionekani tena kwenye Find Hub. iPhone yenye mfumo wa iOS 15 au wa baadaye inaweza kuendelea kuonekana hata baada ya kufutwa. Zote mbili hubaki zimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe, Apple tangu 2013 na Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, ingawa kwa Android sharti skrini iwe ilikuwa na kufuli. Kwanza ilize simu, kisha ifunge ukiacha ujumbe na nambari nyingine ya kupigiwa.

Programu za kampuni nyingine, kama Prey iliyoanzia Chile, zinaifaa ofisi yenye kompyuta na simu za aina mbalimbali zinazosimamiwa pamoja. Kwa mtu mmoja mwenye simu moja sioni haja, kwa sababu haziwezi kuishinda huduma iliyomo ndani ya mfumo wenyewe, na baadhi huomba ruhusa ya kusoma meseji ambayo kazi ya kutafuta simu haiihitaji.

Yote haya yajaribuni kabla ya siku yenyewe. Zima sauti ya simu, ifunike kwa nguo kabatini, azima kifaa cha mtu mwingine, uingie kana kwamba simu yako haipo duniani, uamuru ilie. Inapaswa kulia kwa sauti ya juu hata ikiwa imenyamazishwa; ile ya Android huendelea hadi dakika tano. Kisha zima data na Wi-Fi, mpe mwenzio atembee nayo, uone ramani inakuambia nini. Mtakachoshindwa kukifanya siku ya jaribio, andikeni na mkirekebishe siku hiyo hiyo.

Ramani ikionyesha simu iko nyumbani kwa mtu, msiende kugonga mlango. Duara linalozunguka alama ile linaweza kujumuisha nyumba kadhaa, na katika jengo la ghorofa halisemi ni ghorofa ya ngapi. Nendeni polisi mkiwa na IMEI, nambari ya utambulisho wa simu yenye tarakimu kumi na tano, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#, ambayo inafaa iandikwe leo kwenye karatasi ile ile ya tarakimu za akiba.

Na siku chache baadaye mkipokea meseji inayosema simu imepatikana, yenye kiungo kinachowaomba nywila, msikifungue. Aliyeshika simu iliyofungwa haimfai kitu mpaka mwenyewe amfungulie, na hiyo ndiyo njia yake ya kuomba afunguliwe. Wapo pia wanaomshawishi mwenye simu aiondoe kwenye akaunti yake, wakidai ndivyo itakavyoonekana vizuri zaidi. Kuiondoa ndiko hasa kunakovunja kufuli hiyo. Simu huondolewa kwenye akaunti siku unapoiuza au kumpa mtu mwingine kwa hiari yako, na si siku nyingine.