Mzinga Mkubwa na Baruti ya Polepole

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji, na karibuni tena. Mimi ni Rehema, na niko na Mwalimu Salum, aliyefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwalimu, shikamoo.

SALUM: Marahaba, Bi Rehema. Habari za tangu wiki iliyopita?

REHEMA: Njema kabisa. Leo tunazungumzia baruti nyeusi, ile ya kale yenye moshi mzito, na hasa swali lililoletwa na msikilizaji wetu mmoja: inawezekanaje vitu vile vile vitatu, yaani shura (chumvi inayoulisha moto), salfa na makaa, vikatoa baruti moja inayoungua kwa kishindo na nyingine inayoungua kwa utulivu?

SALUM: Swali zuri, na kabla sijalijibu niseme kwamba sitataja vipimo wala hatua za utengenezaji, kwa sababu viwanda vya baruti vimeua mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi na sioni sababu ya kumtia mtu tamaa. Nitazungumzia historia, na fizikia iliyomo ndani ya historia hiyo.

REHEMA: Tumekubaliana. Tuanzie wapi?

SALUM: Tuanzie nyumbani kwa babu yangu, Handeni. Alikuwa na gobori, na baruti yake aliihifadhi ndani ya pembe ya ng'ombe iliyozibwa kwa kizibo cha mti. Alipokuwa akiimimina kiganjani nilitazamia kuona unga kama masizi ya chungu, lakini nilichoona kilifanana na chenga za mchele zilizopakwa rangi nyeusi, kila punje imesimama peke yake na inang'aa kidogo. Nilimuuliza kwa nini haikusagwa ikawa laini, akanijibu kwamba iliyo laini ni ya mjinga. Jibu hilo lilinikera kwa miaka mingi, mpaka nilipoelewa kwamba mzee alikuwa sahihi kwa sababu ambayo Ulaya iliifikia katika karne ya 15.

REHEMA: Lakini akili ya kawaida inasema kinyume, Mwalimu. Kitu kilichosagwa laini hushika moto upesi. Vijiti vyembamba huwaka kabla ya gogo.

SALUM: Akili ya kawaida haijakosea, ila imeona nusu ya jambo. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita 6 za mraba. Ukikatwa katika michemraba midogo yenye upande wa milimita 1, utapata michemraba 1,000, na jumla ya eneo lao la nje ni sentimita 60 za mraba. Uzito haujabadilika hata chembe, lakini uso unaoweza kuguswa na moto umeongezeka mara 10. Kwa kuwa baruti huungua kutoka usoni kwenda ndani, punje ndogo humalizika mapema kuliko punje kubwa. Hiyo ndiyo nusu uliyoitaja wewe.

REHEMA: Na nusu ya pili?

SALUM: Nusu ya pili ni swali la jinsi moto unavyofika kwenye huo uso. Baruti ya awali ya Ulaya ilikuwa vumbi tupu. Ukilishindilia vumbi ndani ya mtutu, nafasi kati ya chembe na chembe huwa finyu mno, na miali haina njia ya kupita, kwa hiyo rundo zima huanza kuungua upande mmoja na kusogea taratibu. Ukilijaza kwa ulegevu hali hubadilika, na matokeo ya mlio mmoja hayafanani na ya mlio unaofuata. Zaidi ya hayo, vumbi hilo likisafirishwa kwa mkokoteni kwenye njia mbovu, viungo vyake huelekea kutengana kwa sababu ya mtikisiko, na huvuta unyevu upesi. Mafundi wa karne ya 15 walipoanza kuifanya baruti kuwa punje, kila punje ikabeba viungo vyote vitatu vikiwa vimeshikana, na kati ya punje na punje kukabaki uwazi. Moto ukapata vichochoro vya kupitia. Rundo zima lilishika karibu kwa pamoja.

REHEMA: Kwa hiyo kuna kasi mbili: kasi ya moto kutambaa kutoka punje hadi punje, na kasi ya moto kuila punje yenyewe kuelekea ndani.

SALUM: Umelisema vizuri kuliko nilivyolisema darasani kwa miaka yote ile. Watu wengi huzichanganya hizo mbili, na ndiyo maana mazungumzo mengi kuhusu baruti huishia kwenye mabishano. Kuifanya baruti kuwa punje kuliongeza kasi ya kwanza kwa kiasi kikubwa sana. Mizinga mingi ya zamani, iliyoundwa kwa vyuma virefu vilivyopangwa kama mbao za pipa na kufungwa kwa pete, haikuweza kustahimili baruti hiyo mpya. Kwa muda fulani punje zilitumiwa zaidi kwenye bunduki za mkononi, huku mizinga mikubwa ikiendelea kulishwa vumbi.

REHEMA: Hapo naona jambo la ajabu. Kumbe kasi ilikuja kuwa tatizo.

SALUM: Kasi ndiyo iliyokuwa tatizo, na hapa ndipo hadithi inaponivutia zaidi. Mtu akisikia habari za baruti hudhani kwamba historia yake yote ni mbio za kutafuta kishindo kikubwa zaidi. Kwa bunduki ndogo hilo lina ukweli, kwa sababu risasi ni nyepesi na husogea mara moja. Mzinga mkubwa ni mambo mengine. Tufe la chuma lenye uzito wa kilo 200 ni zito, na linachukua muda kuanza kusogea. Baruti yote ikigeuka gesi kabla tufe halijaondoka mahali pake, gesi hiyo inabanwa katika nafasi ndogo, na shinikizo linapanda kiasi cha kuupasua mtutu. Baadaye, tufe linapokaribia mdomo wa mzinga, hakuna baruti iliyobaki ya kuendelea kulisukuma.

REHEMA: Ni kama kumsukuma mtu kwenye bembea kwa kumpiga teke moja.

SALUM: Naam, mgongo wake utaumia na bembea haitafika mbali. Sasa, tarehe 28 Februari 1844, meli ya kivita ya Marekani USS Princeton ilikuwa kwenye mto Potomac ikiwaonyesha wageni mzinga wake mkubwa, ambao waliuita Peacemaker, yaani mleta amani. Mzinga huo ulipasuka. Walikufa watu 6, wakiwemo Waziri wa Mambo ya Nje Abel Upshur na Waziri wa Jeshi la Wanamaji Thomas Gilmer. Rais John Tyler alinusurika kwa kuwa alikuwa sitaha ya chini.

REHEMA: Mleta amani! Jina nalo lina maudhi yake. Je, baruti ndiyo iliyokosea?

SALUM: Lawama ya kwanza ilikwenda kwenye chuma, kwamba hakikufuliwa vizuri, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Ofisa mmoja wa jeshi aliyeitwa Thomas Jackson Rodman alianza kushughulikia uyeyushaji wa mizinga, akabuni njia ya kuipoza kwa maji kutoka ndani kwenda nje ili chuma kijikaze chenyewe. Lakini hakuishia hapo. Aligeuka akauliza swali ambalo wenzake hawakuwa wakiliuliza kwa uzito: je, badala ya kuunenepesha mzinga ili ustahimili baruti, haiwezekani baruti nayo ikafundishwa adabu?

REHEMA: Alipimaje? Huwezi kutia kidole ndani ya mzinga unaolipuka.

SALUM: Alitoboa tundu kwenye ukuta wa mzinga, akaweka kijipistoni ambacho upande mmoja kinakutana na gesi na upande mwingine kimeshikilia kisu kidogo kinachogusa bamba la shaba. Mzinga ukilia, gesi husukuma pistoni, na kisu huchimba alama kwenye shaba. Kisha unatoa bamba, unapima urefu wa alama, na unaulinganisha na alama iliyochimbwa na kisu kile kile chini ya uzito unaojulikana. Mlipuko unapita kwa kufumba na kufumbua, lakini alama ya shaba unaweza kuiweka mezani ukaitazama mchana kutwa. Mimi hupenda sana vifaa vya aina hiyo.

REHEMA: Na alama zilimwambia nini?

SALUM: Zilimwambia kwamba kwa mzinga uleule na tufe lilelile, punje zikiwa kubwa, kilele cha shinikizo hushuka, bila tufe kupoteza mwendo kwa kiasi hicho. Ndipo zikaja punje kubwa mno, ambazo Wamarekani waliziita kwa jina la yule mnyama mkubwa wa kale, mammoth, kwa ajili ya mizinga yake ya inchi 15, yaani kama sentimita 38 za upana wa mtutu. Mzinga wa kwanza wa aina hiyo ulitoka Pittsburgh. Ukiwalinganisha na babu yangu na pembe yake, Wamarekani hawa walikuwa wakipakia kokoto.

REHEMA: Basi jibu ni punje kubwa tu?

SALUM: Hapana, kwa sababu punje kubwa nayo ina kasoro. Mwaka 1839 Mfaransa Guillaume Piobert alieleza kwamba punje iliyobanwa vizuri huungua tabaka kwa tabaka, sambamba na uso wake, kama kitunguu kinavyomenywa. Sasa fikiria punje ya mviringo. Ikiungua mpaka nusu ya kipenyo chake, eneo la uso wake limebaki robo. Maana yake ni kwamba inatoa gesi nyingi mwanzoni, wakati tufe bado limetulia na mtutu umebana, na inatoa gesi kidogo mwishoni, wakati nafasi imepanuka na gesi inahitajika. Huo ni mpangilio wa kinyume kabisa na tunachokitaka.

REHEMA: Tunataka moto unaoongezeka kadiri unavyokula.

SALUM: Je, umewahi kupikia jiko la maranda?

REHEMA: Nimelikuta kwa shangazi yangu. Ulikuwa unasimamisha chupa katikati ya kopo, unashindilia maranda kuizunguka, kisha unaivuta chupa taratibu ili tundu lisibomoke. Ukiyashindilia vizuri unapika maharage mpaka yanaiva na moto bado upo. Ukiyaacha yamelegea, yanabomoka na moshi unakutoa nje.

SALUM: Shangazi yako alikuwa akitumia wazo la Rodman bila kumuhitaji Rodman. Moto uko ndani ya tundu na unakula kuelekea nje, kwa hiyo tundu linapanuka, na uso unaoungua unaongezeka badala ya kupungua. Rodman alipendekeza baruti ibanwe iwe pande gumu kisha lipitishwe matundu. Urusi na Prussia zililichukua wazo hilo na kuunda vipande vya pande sita, vinavyopangwa kama masega ya nyuki bila kupoteza nafasi, kila kimoja kikiwa na matundu 7.

REHEMA: Kwa nini 7 na si 1?

SALUM: Hesabu yake ni tamu, na nitaifanya polepole. Chukua bomba refu lenye tundu 1. Ukuta wa nje unaliwa kuelekea ndani, mzingo wake unapungua. Ukuta wa tundu unaliwa kuelekea nje, mzingo wake unaongezeka kwa kiasi kilekile hasa. Ukijumlisha, uso unabaki vilevile kutoka mwanzo karibu hadi mwisho, jambo ambalo tayari ni maendeleo makubwa kuliko punje ya mviringo. Ukiwa na matundu 7, unapoteza upande mmoja lakini unapata mara 7, na kwa hiyo uso unakua kadiri moto unavyoendelea. Gesi inaongezeka pale tufe linapokimbia.

REHEMA: Lakini hayo yote yanategemea kipande kisivunjike.

SALUM: Kabisa, na hapo ndipo ugumu wa kubana unapoingia. Kipande kilicholegea kina vinyweleo ndani, gesi moto hupenya humo, kipande kinapasuka, na ghafla una vipande vidogo vingi, uso umeongezeka mara nyingi, na mzinga uko hatarini. Jiko la shangazi likibomoka ni hasara ya maharage tu. Kwa hiyo wiani wa punje, yaani jinsi ilivyoshindiliwa, ulikuwa na uzito sawa na ukubwa wake na umbo lake. Na katika miaka ya 1880 Wajerumani waligusa hata makaa yenyewe: walitumia makaa ya mabua ya nafaka yaliyochomwa nusunusu, yakabaki na rangi ya kahawia, na baruti hiyo iliungua kwa upole zaidi. Watu waliiita baruti ya kakao.

REHEMA: Na huku pwani yetu, hayo yalifika?

SALUM: Yaliyofika yalikuwa ya kibiashara. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta Zanzibar vitambaa vya merikani pamoja na baruti, na wapagazi wakaibeba bara katika vipipa. Ilikuwa ya punje, kwa ajili ya magobori. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ndio uliokuja kuibana biashara hiyo.

REHEMA: Na baruti ya kakao, ilidumu?

SALUM: Haikudumu. Wanasayansi wa Uingereza Andrew Noble na Frederick Abel walikuwa wameonyesha mwaka 1875 kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi kabisa, bali hubaki kama moshi na masizi. Hakuna umbo linaloweza kuondoa hilo. Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa akatengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na selulosi, yaani nyuzi za mimea, iliyotiwa asidi ya naitriki, na katika muda mfupi majeshi yakaiacha ile nyeusi.

REHEMA: Kwa hiyo kazi yote ya Rodman ikatupwa?

SALUM: Viungo ndivyo vilivyotupwa. Ukiikata leo punje ya baruti ya mzinga mkubwa, iliyotengenezwa kwa vitu ambavyo Rodman hakuvijua, utakuta matundu.

REHEMA: Mangapi?

SALUM: Mara nyingi 7. Nyingine zina 19.